Hiyo Si Pampu, Ni Hewa

Wacha niseme hii kitu bila kuzunguka, na mwenye atakasirika akasirike tu. Kuna pampu za pawa stering zinang'olewa kwenye gereji zetu na hazina kosa lolote. Kosa lao ni moja: zilimeza hewa, na hakuna mtu aliyetaka kutumia dakika 40 kuitoa. Badala yake mwenye gari akauziwa chuma.

Unajua vile huwa. Gari inaanza kulia ukikata kona polepole, hasa ukiparki. Inalia kama mbuzi anayeburutwa sokoni. Stering inakuwa nzito, halafu nyepesi, halafu nzito tena. Unaenda kwa fundi. Anazungusha usukani mara moja, anasikiliza, anatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Bosi, hiyo ni pampu. Imeisha." Kabla hujauliza imeishaje, kijana ashatumwa na boda hadi Kirinyaga Road kutafuta pampu ya mtumba, na wewe unawaza vile utaeleza nyumbani kwamba pesa ya karo imeguswa.

Mimi nasema tukatae. Si lazima kelele wala matusi. Swali moja tu linatosha: "Fundi, ushatoa hewa?"

Tuelewane kwanza hewa inafanya nini huko ndani, juu ukielewa hapo si rahisi tena kuchezwa. Pawa stering ya oili si uchawi. Kuna kopo la oili. Kuna mpira unaotoa oili kwa kopo na kuipeleka kwa pampu. Pampu yenyewe inazungushwa na injini kupitia mkanda. Kutoka hapo kuna paipu ya presha inayopeleka oili kwa raki, halafu mpira mwingine unaoirudisha kwa kopo. Ukigeuza usukani, valvu iliyo kwenye raki inaelekeza oili upande mmoja, presha inasukuma, magurudumu yanakata. Nguvu yote hiyo inategemea tabia moja ya oili: haibonyeki. Ukiisukuma huku, inasukuma kule.

Hewa nayo inabonyeka. Chukua sirinji, ijaze maji, ziba mdomo wake kwa kidole, sukuma. Haisongi. Ijaze hewa, sukuma tena. Inaingia, ukiachilia inarudi kama sponji. Sasa hiyo sponji iweke ndani ya stering yako. Pampu inazungusha oili iliyochanganyika na hewa mpaka inakuwa povu. Unageuza usukani, nguvu haiji, halafu inakuja yote kwa mpigo. Na ile kelele unayosikia ni viputo vinavyopondwa ndani ya pampu.

Kuna kitu kingine, na hiki ndicho kinaniudhi zaidi. Oili hiyo hiyo ndiyo inalainisha pampu. Ikijaa povu, chuma kinaanza kusuguana na chuma. Kwa hivyo hewa ukiiacha humo miezi na miezi, itaua pampu kikweli. Fundi akikwambia leo "hiyo ni pampu", anaweza kuwa amekosea. Usipotoa hewa, ngoja tu, siku moja maneno yake yatakuwa kweli.

Sasa mtu ataniuliza, "Wewe utajuaje ni hewa na wewe si fundi?" Swali zuri, na majibu yake hayahitaji mashine. Fungua boneti injini ikinguruma, mtu mwingine ageuze usukani polepole, wewe angalia ndani ya kopo. Oili nzuri inaonekana safi, unaweza kuona ndani. Ukiona povu, viputo, ama oili imegeuka rangi kama maziwa yaliyotiwa strawberi, hapo kuna hewa. Halafu fanya hivi: angalia oili imefika wapi injini ikiwa inanguruma. Zima, subiri dakika chache, angalia tena. Ikiwa imepanda sana baada ya kuzima, ni hewa iliyokuwa imebanwa na presha, sasa imepata nafasi ya kutanuka. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinataja kipimo kabisa: isipande zaidi ya milimita 5. Kipimo hicho hakihitaji kompyuta. Ni macho na subira.

Hivyo vipimo viwili vinachukua muda mfupi kuliko ule wa kungoja kijana arudi na boda. Mbona basi havifanywi?

Kabla nijibu, angalia mchezo wenyewe vile umekaa, maana umekaa vibaya kuliko unavyodhani. Ukibadilisha pampu, lazima ufungue mipira. Ukifungua mipira, hewa inaingia. Kwa hivyo ukishafunga pampu nyingine lazima utoe hewa, hakuna njia ingine. Umeona hapo? Ile kazi ambayo ingefanywa kwanza, karibu bure, inafanywa mwisho, baada ya pesa kutoka. Kelele ikiisha, nani anapewa sifa? Pampu. "Si nilikwambia bosi, ilikuwa pampu." Na wewe huwezi kumbishia, juu pampu ilibadilika na hewa ilitoka siku moja. Hutawahi kujua ni gani ilikuponya.

Na kelele isipoisha? Hapo ndipo utamu uko, kwa mwenye kuuza. "Hii pampu ya mtumba ilikuja mbaya, tutafute ingine." Ama: "Kumbe pia raki imeenda." Mfumo wenye hewa ukiuwekea pampu mpya bila kutoa hewa vizuri, unampa mgeni chakula kilekile kilichomuua mwenyeji. Atalia vilevile, na mwishowe atakufa vilevile.

Nina mfano wa karibu. Shangazi yangu ana Subaru Forester, hubeba mayai kutoka Limuru hadi hoteli kadhaa za Nairobi. Fikiria stering inayoshtuka ukiwa na trei za mayai nyuma. Gereji ya kwanza ikamwambia pampu. Akalipa 9,000 za pampu na ufundi, hakunung'unika. Baada ya siku mbili ikalia tena. Akarudi, akaambiwa sasa ni raki, atafute kama 25,000. Wiki hiyo hakuwa nazo, na hoteli haingoji mayai. Jirani akamwelekeza kwa mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mti, bango hana.

Yule mzee hakusema ni nini. Akafungua kopo, akaomba injini iwashwe, akachungulia. "Mama, hii inavuta hewa mahali." Akafuata mpira kutoka kwa kopo hadi pale paipu inaingia kwa pampu, akafungua, akatoa oringi, ule mpira mdogo wa duara unaoziba hapo. Ulikuwa umekauka mgumu kama ganda la njugu. Wale wa kwanza walibadilisha pampu, wakarudisha oringi ileile ya zamani! Mzee akaweka mpya, bei yake haikufika chapati mbili na chai. Akamwaga oili chafu, akaweka safi, akatoa hewa polepole. Kelele ikaisha, na mpaka leo haijarudi.

Sasa sikiza hii sehemu kwa makini, juu ndiyo imenifanya niandike. Mzee aliitisha 1,500. Na shangazi yangu, yule yule aliyelipa 9,000 kimya, akaruka. "Mzee, 1,500 kwa kampira kadogo hivi? Chukua 800." Na mzee akachukua 800.

Mnaona shida iko wapi? Fundi aliyetoa jibu baya na kuuza chuma alilipwa zote. Fundi aliyetumia akili alikatwa karibu nusu, juu alichouza hakionekani kwa mkono. Nampenda shangazi yangu sana, na nimemwambia haya usoni, kwa heshima. Lakini si yeye peke yake. Ni sisi wote. Sisi tunalipa chuma. Akili tunataka ya bure. Mtu anatumia saa nzima kutafuta hewa inaingilia wapi, halafu tunamwambia, "Si hujabadilisha kitu?" Basi yeye naye anajifunza haraka. Kesho akiona stering inalia, atatafuta kitu cha kubadilisha. Ana watoto pia.

Ndio maana sikubaliani na wale wanaosema mafundi wa jua kali ni wezi na stori iishe hapo. Wako waongo, ndio, na wale wanaoona mama ama dada ameshuka kwenye gari wakiongeza bei papo hapo wanajijua. Hao siwatetei. Lakini wengi hawajaamka asubuhi wakipanga kukuibia. Wamejifunza kwa mkono kazi ambayo wengine wanaisoma darasani miaka kadhaa, na wanajua vizuri tu kutoa hewa. Wanaita kublidi, na kwa breki wanaifanya bila kulalamika. Mbona kwa stering wanaruka? Kwa sababu kwa breki mteja anaogopa kufa, anangoja. Kwa stering mteja anaona ni kelele tu, ana haraka, na hataki kulipia muda.

Na si kelele tu. Stering yenye hewa inaweza kukunyima nguvu nusu ya kona, halafu ikurudishie ukiwa ushavuta usukani kwa mikono miwili. Hapo gari inaruka upande ambao hukutaka. Fikiria hiyo kwenye barabara nyembamba ya mlimani na lori linakuja.

Na wewe dereva wa kubeba chupa ya oili kwenye buti, unaongeza kila Jumatatu, nakuona pia. Mfumo huu umefungwa. Oili ya stering hailiwi kama petroli. Ikipungua, imetoka mahali, na pahali oili inatokea, hewa inaweza kuingilia. Kujaza kila wiki si kutengeneza. Ni kulipa kidogo kidogo deni ambalo haliishi.

Haya, kazi yenyewe inafanywaje? Naieleza hapa ili ukisimama kwa gereji ujue unachoangalia, na ukiambiwa "nishatoa hewa" baada ya dakika 3 ujue hujatolewa kitu.

Kwanza oili. Gari nyingi za Toyota zenye stering ya oili hutumia ATF, ile nyekundu ya gia za otomatiki. Honda ina oili yake maalum na inasema usiweke ingine. Gari kadhaa za Ulaya hutaka ile ya kijani. Soma kifuniko cha kopo ama kitabu cha gari. Na mtu akikuwekea oili ya breki hapo, mwondoe mbio, itaharibu mipira yote ya ndani.

Pili, injini ikiwa imezimwa, jaza kopo hadi alama. Inua mbele ya gari kwa jeki mpaka magurudumu yaache ardhi, weka stendi, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Tafadhali, hakuna mtu kuingia chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Washa swichi bila kuwasha injini, ili usukani ufunguke, kisha uugeuze polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, tena na tena. Mara 10, mara 20. Mwingine akae kwa kopo. Ataona viputo vikipanda na oili ikishuka. Aongeze. Kopo likikauka, mmevuta hewa upya, mnaanza mwanzo.

Tatu, viputo vikipungua, shusha gari. Washa injini, iache ingurume yenyewe dakika chache, usikanyage mafuta. Geuza hadi mwisho wa kushoto, shika sekunde 2 au 3, geuza hadi mwisho wa kulia, shika vilevile. Rudia mara kadhaa. Usining'inie pale mwisho kwa muda mrefu, presha inapanda sana na oili inachemka.

Nne, zima. Ngoja povu lipotee. Angalia kopo. Kama bado kuna povu, rudia. Na ukirudia na povu likarudi, acha kurudia. Hiyo inamaanisha kuna mlango. Tafuta klipu iliyolegea, mpira wenye ufa, oringi iliyokauka. Kumbuka upande wa kuvuta, kati ya kopo na pampu, unaweza kunyonya hewa bila kudondosha oili ya maana chini. Kwa hivyo "hakuna mahali inavuja" si jibu. Kumbuka pia gari zetu nyingi ziliingia nchini zikiwa zimetumika tayari, sheria inaruhusu hadi miaka 8, halafu tunaziendesha mingine mingi. Mpira wa miaka hiyo yote karibu na injini moto haubaki mpira.

Umeona neno moja linajirudia hapo? Polepole. Kosa linalofanywa sana ni kuwasha injini mara moja na kusokota usukani kwa fujo kushoto kulia kama mtu anafukuzwa na askari. Hiyo ni kupiga mayai ya omleti. Hewa inavunjika vipande vidogo vidogo, inachanganyika na oili, na sasa kuitoa ni kungoja mpaka jioni.

Sisemi kila kelele ni hewa. Mkanda uliolegea hulia pia. Chujio lililoziba ndani ya kopo huleta kelele ileile. Na pampu hufa kweli, kama mtu yeyote hufa. Ukishatoa hewa mara mbili, ukaziba milango yote, oili ikawa safi bila povu na bado inalia, sawa, nunua pampu, na hakikisha oringi mpya na oili safi zimeandamana nayo. Na kama gari yako ni ya stering ya umeme, kama Honda Fit ama Prius, stering haina oili wala hewa ya kutoa. Mtu akikuuzia oili ya stering kwa hiyo gari, usibishane naye. Washa gari uende.

Kwa hivyo naomba tufanye mambo matatu. Ukifika gereji, kubaliana bei ya kupima kabla ya bei ya kitu chochote. Mwambie fundi, "Nitakulipa saa yako hata usipobadilisha kitu." Utashangaa vile macho yake yatabadilika. Pili, usikubali spea ya stering kabla hujaona mwenyewe ndani ya kopo, kwa macho yako, injini ikinguruma. Tatu, kile kitu kilichotolewa, enda nacho nyumbani. Ni chako, ulikinunua na gari.

Na nyinyi mafundi mnaosoma hii, msinune. Wekeni bei ya kutoa hewa kwa ubao, iandikeni kubwa, na mkatae kupunguziwa. Mteja akisema "si hujabadilisha kitu", mwambieni kitu kimebadilika: alikuja akilia, anaenda kimya, na pesa ya pampu bado iko mfukoni mwake. Akikataa kulipa hiyo, mwache aende akauziwe pampu.